Hamza El Din wa Toshka: Mhandisi Aliyekihifadhi Kijiji Chake kwa Udi

Ndugu Mhariri ameniomba nimwandikie, kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye vijana walioko darasani wanaweza kujifunza kitu kwake. Nadhani alitazamia nichague kiongozi wa siasa au mtaalamu wa sayansi, kwa kuwa hao ndio tuliowazoea katika kurasa hizi. Mimi nimemchagua mpiga udi. Naomba mnivumilie, nami nitaeleza sababu.

Wenzangu tuliokuwa pamoja kidato cha tatu mtakumbuka somo la jiografia na Bwawa Kuu la Aswan. Mwalimu wetu alikuwa na mtindo wa kutufanya tuitikie hoja zake kama wanakwaya. Faida za bwawa: umeme, umwagiliaji, kuzuia mafuriko, uvuvi, usafiri wa majini. Hasara zake: rutuba ya mto kukwama nyuma ya ukuta, chumvi mashambani, kichocho, na mwisho kabisa, watu kuhamishwa makwao. Hoja moja, alama moja. Niliipata alama hiyo katika mtihani, nikafurahi, wala sikujiuliza watu hao walikuwa akina nani.

Hamza El Din alikuwa mmoja wao.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1929 katika kijiji cha Toshka, ukingoni mwa Nile, kusini ya mbali ya Misri, kuelekea mpaka wa Sudan. Nchi hiyo iliitwa Nubia, na watu wake ni Wanubia. Tusiwachanganye na Wanubi tuwajuao hapa Afrika ya Mashariki, wale wa Kibera na Bombo, ambao ni uzao wa askari walioletwa kutoka Sudan katika karne ya 19. Wanubia wa Nile ni watu waliokaa ukingoni mwa mto huo kwa maelfu ya miaka, wakiwa na lugha yao, ufalme wao katika zama za kale, na desturi zao.

Nubia ilikuwa nchi nyembamba sana. Upande mmoja mto, upande wa pili jangwa, na katikati ukanda wa shamba ambao mahali pengine mtu aliweza kuuvuka kwa hatua chache. Palikuwa na mitende, maharage, ngano kidogo. Nyumba zilijengwa kwa udongo, kubwa na zenye ua, zikapakwa chokaa na kuchorwa, na juu ya milango wanawake walipachika sahani za kauri ziking'aa juani. Wanaume wengi walikwenda Cairo na Alexandria kutafuta kazi za upishi na ubawabu, na fedha walizopeleka nyumbani ndizo zilizosaidia kijiji kuendelea.

Lakini kilichokilisha kijiji ni gurudumu la kuteka maji. Wamisri huliita sakia, na Wanubia huliita eskalay. Ni mtambo wa miti mitupu: gurudumu moja limelala, jingine limesimama, na kamba ndefu iliyofungiwa vyungu vya udongo. Maksai huzunguka, vyungu hushuka mtoni vitupu na kupanda vimejaa, na maji humwagika katika mfereji kuelekea mashambani. Mtoto huketi nyuma ya maksai ili wasisimame. Kazi hiyo haina mwisho. Hufanywa mchana, na katika majira ya kiangazi hufanywa hata usiku. Na kwa kuwa miti husuguana na miti, gurudumu hulia. Mlio wake ni ule ule, saa baada ya saa, na mtoto aliyeketi pale hujikuta kati ya kuwa macho na kulala.

Hata katika utoto wa Hamza maji yalikuwa yamekwisha kuanza kuila nchi hiyo. Bwawa la kwanza la Aswan, lililojengwa na Waingereza, lilimalizika mwaka 1902. Ukuta wake ukaongezwa urefu mwaka 1912, na tena mwaka 1933, Hamza akiwa mtoto wa miaka minne. Kila mara maji yalipanda, mashamba ya chini yakazama, na Wanubia wakajenga upya nyumba zao juu zaidi, mlimani. Kwa hiyo walijua bwawa ni nini. Walihama, lakini walihama hatua chache tu, na mto ukabaki mbele ya milango yao.

Kijana Hamza alipelekwa Cairo kusoma, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Alisomea uhandisi wa umeme chuo kikuu, akaajiriwa na Shirika la Reli la Misri. Kwa mtoto wa Toshka hiyo ilikuwa kazi ya fahari na yenye mshahara wa uhakika. Pembeni ya kazi alipenda muziki. Kwao Nubia ala ya kwanza ni tari, ngoma ya duara yenye ngozi upande mmoja, ambayo sisi tunaijua katika maulidi na harusi za pwani. Huko Cairo alijifunza kupiga udi, ala ya muziki wa Kiarabu, ile ile tunayoiona mapajani mwa wapigaji wa taarabu Unguja. Udi haukuwa ala ya Wanubia. Alijifunza kama mtu anavyojifunza lugha ya wenyeji wake.

Ndipo zilipokuja habari za bwawa jipya. Baada ya mapinduzi ya 1952 Serikali ya Gamal Abdel Nasser iliamua kujenga ukuta mkubwa kuliko ule wa Waingereza. Historia yake ya siasa tuliisoma: Marekani na Uingereza zilipokataa kutoa mkopo mwaka 1956, Nasser akautaifisha Mfereji wa Suez, na mwishowe Urusi ya Kisovieti ikatoa msaada wa fedha na wataalamu. Ujenzi ulianza Januari 1960. Ukuta huo una urefu wa kilomita 3.8 na kimo cha mita 111, na ziwa lililojaa nyuma yake lina urefu wa kilomita zipatazo 500. Lilimeza Nubia yote ya Misri na kuingia ndani ya Sudan.

Mhandisi wa umeme aliweza kuelewa mapema kuliko wengine maana ya michoro hiyo. Safari hii hapangekuwa na kupanda mlimani. Hamza aliacha kazi ya reli. Akasoma muziki kwa bidii katika vyuo vya Cairo, kisha akarudi Nubia, akawa anasafiri kwa punda kutoka kijiji hadi kijiji, ala zake mgongoni. Kazi yake ilikuwa ya namna mbili: kuwaambia watu kwamba maji yanakuja, na kukusanya nyimbo zao kabla hayajafika.

Nawaomba wadogo zangu mtazame jambo hilo kwa makini. Mtu aliyesomeshwa, mwenye kazi ya kudumu, aliacha cheo na mshahara akapanda punda kwenda kusikiliza nyimbo za harusi na za mavuno. Sina shaka wako waliomwona amepotea.

Kijijini kwake alifanya jambo jipya. Aliuchukua udi wa Kiarabu akaupigia mahadhi ya Kinubia, na mapigo yake akayatoa katika tari na katika makofi ya wachezaji. Watu wa kwao walikuwa hawajausikia udi ukisema lugha yao. Walipokaa kimya wakimsikiliza, alitambua kwamba amepata njia ya kuichukua Nubia kwenda nayo mahali popote.

Baadaye alipata nafasi ya masomo Rome, Italia, katika chuo cha Santa Cecilia, akasoma muziki wa Kizungu na gitaa. Kutoka huko akavuka kwenda Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo vijana wengi wa Marekani walikuwa wakizipenda nyimbo za asili, na waimbaji wao, kama Joan Baez, walimsikia wakamsaidia. Mwaka 1964 alipiga katika tamasha la Newport, na mwaka huo huo kampuni ya Vanguard ikatoa santuri yake ya kwanza, Music of Nubia. Al Oud ikafuata mwaka 1965.

Sasa linganisheni tarehe. Kati ya Oktoba 1963 na Juni 1964 Wanubia wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa. Walipakiwa katika meli hadi Aswan, kisha wakapelekwa Kom Ombo, kaskazini ya mji huo. Upande wa Sudan, watu wa Wadi Halfa na vijiji vyake, nao wapatao 50,000, walisafirishwa kwa garimoshi hadi Khashm el-Girba, mbali na Nile yao. Kabla ya kuondoka walikwenda makaburini kuwaaga wazee wao. Huko Kom Ombo walikuta nyumba zilizopangwa kwa mistari, zimeungana kuta, nyingine hazijamalizika, na mbele ya mlango hapana mto. Vijiji vipya vilipewa majina ya vile vya zamani. Toshka ilikuwapo kwenye orodha; Toshka yenyewe ilikuwa ikienda chini ya maji. Basi wakati Wamarekani wanainunua santuri yenye jina la Nubia, nchi yenyewe ilikuwa ikifungwa virago.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Bwawa lilipomalizika mwaka 1970 lilileta umeme katika maelfu ya vijiji vya Misri. Ukame mkali wa miaka ya 1980 ulipoiangamiza Ethiopia na sehemu za Sudan, Misri ilipona kwa akiba ya maji ya ziwa hilo. Mimi ni mtumishi wa Serikali, sitaki kumwambia kijana yeyote kwamba mabawa yasijengwe. Na ulimwengu haukulala: UNESCO ilitoa wito mwaka 1960, na mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande zaidi ya 1,000, yakapandishwa mita 65 na kujengwa upya juu ya mwamba, kazi iliyomalizika mwaka 1968. Mawe ya Farao yalipata mafundi, winchi na fedha za mataifa mengi. Mlio wa gurudumu la maji haukuwa na fungu katika bajeti hiyo.

Hamza alikuwa New York bwawa lilipokuwa likikamilika. Alikwenda kuwatazama watu wake walikohamishiwa. Alichokiona machoni mwao kilimvunja nguvu. Aliona watu waliopotea ingawa wana anwani. Akarudi Amerika, naye akawa amepotea vile vile. Aliketi na udi, akawa anarudia kifungu kimoja cha muziki, tena na tena, bila kusudi. Baada ya muda akatambua yuko wapi. Alikuwa ameketi nyuma ya maksai, juu ya gurudumu la Toshka, mtoto anayezungushwa kati ya macho na usingizi.

Muziki huo aliupa jina la gurudumu lenyewe. Santuri ya Escalay: The Water Wheel ilitoka mwaka 1971, mwaka ambao bwawa lilizinduliwa rasmi. Wimbo wenye jina hilo huchukua zaidi ya dakika 20. Huanza polepole, kama maksai wanaofungwa nira asubuhi. Kisha kifungu kinazunguka, kinaongezeka kidogo, kinazunguka tena. Hautaji bwawa. Hautaji Serikali. Hauna laana wala malalamiko. Ni kijiji tu, kinateka maji.

Miaka yake iliyobaki ilikuwa ya heshima. Alifundisha muziki katika vyuo vikuu vya Marekani. Septemba 1978, kikundi cha Grateful Dead kilipopiga chini ya piramidi za Giza, Hamza alikuwa jukwaani pamoja na Wanubia wenzake wenye matari na makofi, nchi iliyozama ikisikika mbele ya makaburi ya Mafarao. Miaka ya 1980 alikaa Japani akijifunza biwa, ala ya huko iliyo jamaa ya udi. Mwaka 1992 Kronos Quartet, wapigaji wanne wa fidla za Kizungu, waliurekodi wimbo wa gurudumu katika santuri ya Pieces of Africa, na katika santuri hiyo hiyo upo muziki wa Justinian Tamusuza wa Uganda. Nilifurahi nilipoligundua hilo, kwa kuwa sehemu ya maji yaliyoifunika Toshka hutoka katika ziwa letu la Victoria na kupita Jinja. Hamza alifariki tarehe 22 Mei 2006 huko Berkeley, California, akiwa na umri wa miaka 76.

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa nieleze sababu ya kumchagua.

Nilimsikia mara ya kwanza chuo kikuu. Mwanafunzi mwenzetu kutoka Sudan alikuwa na kanda ya Escalay, akaipiga bwenini jioni moja. Niliuona muziki mzuri, kisha nikasinzia. Sikuuliza habari zake.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilitumwa pamoja na wenzangu kwenda kuhesabu mali katika kijiji ambacho kilitakiwa kupisha bwawa. Hilo lilikuwa bwawa dogo, la kumwagilia, na lilihitajika, sitalitaja jina. Tulikuwa na fomu nzuri zenye safu: nyumba na aina ya paa, vyoo, miembe, migomba, makaburi. Tulihesabu kwa uaminifu, na fidia ililipwa kwa mujibu wa sheria. Bibi mmoja mzee sana alinishika mkono, akanipeleka hadi kwenye kivuko cha mto. Palikuwa na jiwe pana ambalo akina mama walipumzikia tangu enzi za bibi yake, na jiwe lile lilikuwa na jina, na jina lilikuwa na kisa chake. Alinisimulia chote. Kisha akataka kujua nitaliandika wapi. Nikamjibu kwa adabu kwamba fomu haina safu ya mawe, isipokuwa ya kujengea.

Alicheka kidogo, akaniachia mkono.

Bwawa lilijaa. Miaka michache baadaye nilipita kwenye makazi mapya kwa kazi nyingine, nikamwulizia. Alikuwa amekwisha kufariki. Niliwauliza wajukuu zake jina la lile jiwe, hawakulijua. Waliniuliza mimi. Nami, ndugu zangu, nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa na kalamu mkononi siku ile, nilikuwa na karatasi, nilikuwa nimesoma hadi chuo kikuu, nami ndiye mtu wa mwisho aliyeambiwa jina lile. Gharama ya kuliandika ilikuwa nusu dakika.

Usiku ule nyumba ya wageni nilikumbuka kanda ya yule Msudani. Nilipopata nafasi nikaitafuta, nikatafuta na habari za mpigaji, na safari hii sikusinzia. Nilielewa kwamba yule bwana alikuwa na elimu kama yangu, tena zaidi, na alisoma michoro ile ile ya ukuta na kina cha maji. Tofauti yetu ni kwamba yeye alipoona jambo lisilo na safu katika fomu, alishuka kwenye punda akakaa kulisikiliza. Hakuweza kulizuia bwawa, na sidhani kama aliwahi kudhani ataweza. Aliweza kuhakikisha kwamba kilichozama kilikuwa kimesikiwa kwanza.

Tangu hapo kila ninapokwenda kazi za namna ile hubeba daftari la pili, la shule, la kurasa 96. Naandika humo majina ya vivuko, visima, miti ya mikutano, na nani aliyenisimulia. Hakuna aliyeniagiza, na halijazwi kwenye taarifa. Nimekwisha kujaza madaftari kumi na moja. Si udi, lakini ndiyo ala ninayoijua kuipiga.

Wadogo zangu, wengi wenu mtakuwa wahandisi, wapima ardhi, mabwana shamba na makarani wa nchi hii, na nchi itahitaji barabara na mabwawa. Jengeni. Lakini likizo ijayo, kabla hamjapata vyeo, waulizeni babu na bibi zenu majina ya mahali mnapopita kila siku, myaandike. Na mtakapoulizwa katika mtihani hasara za Bwawa la Aswan, andikeni hoja ile ya mwisho kama kawaida, mpate alama yenu. Ila mjue kwamba mmemwandika mtu.

Siku ya mkutano nitakuja na wimbo huo. Atakayependa kuusikiliza anikute ukumbini baada ya chakula cha jioni. Aje na subira ya dakika 20, na akisinzia mwanzoni simlaumu, maana hata mimi nilisinzia.